Seti ya gasketi ya mlango wa jiko la kuni: kamba nzuri, gundi ya kutosha, urefu pima mwenyewe

Majiko ya chuma ya kuni yanayopasha nyumba joto Ulaya na Marekani ya Kaskazini huziba mlango kwa gasketi, yaani kamba ya fibaglasi inayozunguka ukingo wake. Seti ya kawaida ina mita 2 za kamba na tyubu ndogo ya gundi inayostahimili moto. Tunayoizungumzia hapa ina kamba ya unene wa milimita 10.

Kabla ya kununua, hakikisha tatizo ni kamba. Jiko likiwa baridi, fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Rudia pande zote nne. Kikichomoka bila kukwama, hapo hewa inapita. Dalili nyingine ni moto kukataa kupungua hata ukifunga hewa, na kuni kuisha upesi.

Kamba ya seti hii tunaisifu: ni laini, ukiibana inarudi, na haichambuki ovyo. Kasoro ni urefu. Mlango wa sentimita 40 kwa 50 unakula sentimita 180, umebaki na kipande cha 20. Wa 50 kwa 60 unataka 220, na hapo seti moja haitoshi. Usiunge vipande viwili. Nunua kamba ya kukatwa kwa mita. Unene nao usiupime kwenye kamba kuukuu kwa sababu imeshabanwa. Tazama kitabu cha jiko. Kamba nene kupita kiasi huzuia komeo kufunga, na ukilazimisha unaumiza bawaba, pengine hata kioo.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Ng'oa mlango, ulaze juu ya taulo, toa kamba ya zamani kwa bisibisi, kisha sugua mfereji inamokaa kamba kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Gundi haishiki juu ya gundi kuukuu. Jiko likiwa la miaka ya 1980 au kabla, kamba yake inaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu: usiisugue kavu, tafuta fundi mwenye ujuzi nayo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gundi iwe mstari mwembamba wa milimita 3 tu. Ikizidi inalowesha kamba, nayo ikikauka inakuwa ngumu na haibonyei tena. Na kamba isivutwe. Ilaze, isukume mferejini kwa kidole, kwa sababu ikinyooshwa inakonda na pembe zinavuja. Anzia katikati ya upande wa bawaba, si kwenye kona. Zungushia utepe wa gundi mahali pa kukata, ukate katikati yake, ncha zikutane bila kupandana. Weka nailoni kati ya kamba na jiko, funga mlango, acha saa 24. Nailoni itoke kabla ya kuwasha, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Silikoni ya magari, hata ile nyekundu, si mbadala wa gundi hii. Joto la mlangoni huishinda. Kioo cha mlango kinataka gasketi yake ya utepe bapa, haimo kwenye seti. Nyufa za viungo vya chuma zinataka saruji inayostahimili moto. Matundu ya hewa ya juu ya kioo usiyazibe kamwe: ndiyo yanayokinga kioo na masizi.

Kamba ikishalala baada ya wiki chache, rudia jaribio la karatasi na ukaze komeo. Mlango wa majivu pia uupime, maana ukivuja hewa hupuliza moto kutoka chini na wavu wa chuma unaobeba kuni hupinda.