Printa ya kuprinti bahasha nyingi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Watu wengi wakitafuta printa ya bahasha wanaanza na spidi, kurasa ngapi kwa dakika, halafu wanafika nyumbani bahasha zinatoka zimekunjamana. Ile spidi ya kwenye boksi ni ya A4 ya kawaida. Bahasha ni kitu kingine kabisa, ni tabaka mbili zenye hewa katikati, kwenye mshono zinafika tatu hadi nne, sasa ikibanwa na roli tabaka la juu linasukumwa la chini linabaki, ndo pale unaona mkunjo kwenye kona. Kwa hiyo mi swali langu la kwanza siku zote ni hili: bahasha inapita njia gani humo ndani?

Namba moja kwa watu wengi: leza ya nyeusi tupu yenye njia iliyonyooka. Yaani unaweka bahasha trei ya mbele, unafungua mlango wa nyuma, inatokea huko huko bila kupindishwa. Baadhi ya leza za Brother ukifungua huo mlango unakuta vijiti viwili vya plastiki, kimoja kushoto kimoja kulia, unavishusha hadi kwenye alama ya bahasha na zile roli za moto, zinazoshikiza tona (unga wa wino wa leza) kwenye karatasi, zinalegeza mkazo. Ni kitu kidogo sana ila ndo tofauti ya bahasha iliyonyooka na iliyojikunja. Ukimaliza virudishe, la sivyo A4 zako zitatoka tona haijashika vizuri, ukipitisha kidole inafutika.

Tona haiogopi maji, bahasha ikinyeshewa anwani bado inasomeka, na hiyo kwangu ni sababu tosha. Shida yake ni moto. Roli zinafika kama nyuzi 200 hivi za selsiasi, bahasha zenye kidirisha cha plastiki ambazo hazijatengenezwa kwa leza zinaweza kuyeyukia humo ndani, na gundi nayo ina mambo yake. Niliwahi kuprinti bahasha 400 za mialiko ya mkutano, zikawa zinatoka safi, nikafurahi, kuja kutia barua ya kwanza mdomo umeshikana. Ya pili hivyo hivyo. Tulikaa watu watatu na visu vya karatasi tunazifungua mojamoja, na karibu robo tukazitupa kwa kuchanika. Tangu siku ile sinunui bahasha bila kuona pakiti imeandikwa zinafaa kwa leza.

Sasa kwenye leza angalia trei inabeba bahasha ngapi, hapa ndo watu wanapigwa. Trei inayobeba karatasi 100 mara nyingi inakubali bahasha kama 10 tu. Bahasha 1,000 maana yake unainuka kujaza mara 100! Kama kazi yako ni ya kila wiki tafuta modeli inayokubali fida ya bahasha ya kuongezea (kifaa cha kulisha bahasha kwenye printa), kwa mfano HP LaserJet Enterprise za M607 hadi M609 zina fida ya kuchukua bahasha 75, hapo unajaza mara 14 tu. Fida inauzwa peke yake, uliza kabla hujalipa. Na ujue leza ikiprinti vitu vyenye upana mdogo kama bahasha mfululizo inapunguza spidi yenyewe ili roli zipoe pembeni, haijaharibika.

Namba mbili ni printa za tanki la wino, Epson EcoTank, Canon MegaTank, HP Smart Tank na wenzao. Hizi nazipendekeza kama unataka logo ya rangi, au bahasha zako zina kidirisha, kwa sababu hazina moto. Chagua inayolisha kwa nyuma kutokea juu, maana zile za trei ya chini mbele zinaigeuza bahasha nusu duara na bahasha nene haitaki hivyo. Halafu uliza wino mweusi ni wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) au wa dai ("dye" kwa Kiingereza, rangi iliyoyeyushwa), wa dai ukiguswa na maji unatambaa, na anwani iliyotambaa ni barua iliyopotea. Kujipima ni rahisi: printi moja, subiri dakika tano, lowesha kidole upitishe juu ya jina.

Namba tatu, mashine maalumu za kuprinti anwani, kama za Quadient (hao ndo waliokuwa Neopost hadi 2019). Unarundika bahasha juu, unaongeza huku inaendelea kufanya kazi, zinatokea kwenye mkanda. Ni nzuri mno, ila kama hutumi maelfu kila mwezi usijitie kwenye gharama hiyo. Nimeiweka ya tatu kwa bei tu, kwa kazi haina mpinzani.

Namba nne printa ya lebo. Kwa bahasha zenye sponji ndani au za saizi mchanganyiko ndo suluhisho pekee la maana, lakini lebo za joto zisizotumia wino zinafifia zikikaa kwenye jua au sehemu ya joto.

Zile printa ndogo za katriji, za bei ya chini kabisa, kwa kazi hii ziache. Wino unaisha haraka na trei haishiki bahasha zaidi ya chache.

Jambo la saizi nalo. DL ni milimita 110 kwa 220, C5 ni 162 kwa 229, hizo printa nyingi za A4 zinazimeza. C4 ni 229 kwa 324, upana wake unazidi A4 yenyewe, kwa hiyo hapo unahitaji printa ya A3, usikubali muuzaji akwambie itaingia.

Kabla ya kulipa nenda dukani na bahasha zako mwenyewe 20, zile zile utakazotumia, waombe waziprinti zote mfululizo bila kusimama. Usiitazame ya kwanza, tazama ya 15 na kuendelea: kona za nyuma zimekunjamana? mdomo unafunguka? anwani imekaa sawa au inapanda upande mmoja? Zikipita zote 20, nunua.