Lango la tofali: tao la nusu duara au tao lililolala?

Kwa lango la upana wa mita 1.2, tao la nusu duara linapanda sentimita 60. Lililolala, yaani lenye mpindo mdogo, hata 20 zinatosha. Ukuta ukiwa mfupi, basi la kulala ndilo litakaloenea.

Mimi lakini nachagua nusu duara. Tao kadiri linavyolala ndivyo linavyozisukuma nguzo kwenda nje, na nguzo nyembamba zisizoegemea ukuta hupasuka. Nusu duara hushusha uzito wima zaidi, na kiunzi chake cha plaiwudi, yaani umbo la muda la kubeba tofali wakati wa kujenga, unakichora kwa msumari na kamba tu.

Yote mawili, panga tofali kutoka pande zote mbili, zikutane katikati. Na tafadhali, kiunzi usikiondoe kesho yake! Mimi huacha siku 7.