Chupa ya kusafishia pua, ndoo na kiti cha plastiki: wiki tatu baada ya upasuaji

Nilifanyiwa upasuaji wa kunyoosha ukuta wa ndani ya pua, ule unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto. Wangu ulipinda tangu utotoni, nilipoanguka kwenye mwembe. Upasuaji wenyewe sina la kuusimulia: nililala, nikaamka, mdomo mkavu. Kilichonitesa ni kuoga.

Karatasi niliyopewa nikiruhusiwa iliandikiwa mtu mwenye bomba la mvua. Usiinamishe kichwa, usioge maji ya moto. Sawa, lakini sisi wa ndoo na kopo tunachotaje bila kuinama? Siku ya tatu nikajaribu. Nilipoinama mara ya pili nikahisi uzito usoni, mara matone mekundu sakafuni. Nikakaa wima, nikapumua kwa mdomo, damu ikakata. Daktari akaniambia kwa simu kuwa matone machache siku za mwanzo hayana neno, ila damu ikichuruzika bila kukata nisisubiri asubuhi. Tangu siku hiyo ndoo ilipanda juu ya kiti cha plastiki, nikawa naoga maji vuguvugu kuanzia shingoni kwenda chini, uso naupangusa kwa kitambaa. Kichwa nilienda kuoshwa saluni, nimelalia sinki kwa nyuma. Draya nikakataa, maana joto hutanua mishipa ya damu na kidonda bado kibichi.

Udhu nao ulinitia mashaka. Shehe wa mtaani kwetu akanitoa wasiwasi: kupandisha maji puani ni sunna, naweza kuiacha, na sujudu nifanye kwa ishara nikiwa kitini. Aliyebaki ni shangazi. "Mwanangu, piga nyungu, pua itafunguka yenyewe!" Nikamwambia shikamoo nitakupa, nyungu hapana. Mvuke ni joto lilelile.

Siku ya saba nilitolewa vile vibao laini vya plastiki vilivyoshikilia ukuta (machozi yalinilengalenga, lakini ni sekunde tu), ndipo nikaruhusiwa kutumia chupa. Ni chupa laini ya kukamua, ujazo wa mililita 240, inauzwa na pakiti ndogo za chumvi iliyopimwa. Unainama kidogo juu ya sinki, unaachama, unakamua taratibu. Maji yanaingia tundu hili yanatokea lile. Mara ya kwanza nilidhani nazama. Mara ya pili likatoka gamba la damu urefu wa kidole cha mwisho, na nikasikia harufu ya kitunguu kutoka jikoni kwa jirani. Nilikaribia kulia. Kumbuka kwamba kupenga kamasi ni marufuku wakati huo, na chafya unapiga mdomo wazi, kwa hiyo bila chupa hii yale magamba yanabaki yanakuziba tu.

Maji lazima yachemshwe kisha yapoe. Si mikogo ya hospitali: maji ya bomba yanaweza kuwa na amiba (kijidudu kisichoonekana kwa macho) ambaye ukimnywa hana madhara, lakini akipandia puani anaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, ila akifika huko mara nyingi anaua. Mimi nilikuwa najaza maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai usiku, asubuhi naongeza yaliyochemshwa yakapoa.

Kasoro ninazo. Ncha ya chupa ni ngumu kwa pua yenye kidonda. Ukikamua kwa pupa masikio yanaziba nusu siku. Na pakiti zinaisha haraka, kisha unauziwa nyingine kwa bei inayokaribia ya chupa yenyewe. Nilijaribu chumvi ya jikoni, ile yenye madini joto, ikawasha nikajuta. Mfamasia akanitafutia chumvi safi isiyo na kitu. Mimi naoka keki, mizani ninayo, napima gramu 9 kwa lita moja. Haiwashi kabisa.

Nyota nne kati ya tano. Ila hakuna aliyenitahadharisha kwamba maji mengine hujificha ndani ya pua. Lisaa limoja baada ya kusafisha niliinama kutoa keki kwenye oveni, yakamwagika yote kwa mkupuo. Keki ilikuwa ya oda.