Nyumba ya kwanza ya bei nafuu Dar: anza na hati, tailizi zitakusubiri

Mwaka wa nne huu nalala kwenye nyumba niliyoilipia mpaka shilingi ya mwisho na bado sio yangu. Funguo ninazo, LUKU nanunua mimi, mwanangu kashachora ukuta wote wa korido kwa kalamu, ila ukienda kwa Msajili wa Hati ukafanya search, yaani kuangalia kumbukumbu za kiwanja lilipojengwa ghorofa letu, unakuta jina la kampuni iliyoniuzia, na chini yake rehani ya benki. Hilo nimelijua nikiwa nimeshalipa. Siku naenda kununua nilikagua tailizi, nikafungua mabomba yote, nikavuta choo mara tatu, nikapiga picha balkoni nikamtumia mama. Hati? "Hati ipo kwenye mchakato dada yangu, wewe usiwe na wasiwasi."

Sasa kila wiki napata meseji, shoga nimeona apatimenti milioni 85 vyumba viwili, ninunue? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Sitawaambia habari za mtaa gani, vyumba vingapi, jiko kubwa au dogo, hayo mnayajua wenyewe. Nataka tuongelee kitu kimoja ambacho hakuna anayeuliza.

Ghorofa lina kiwanja kimoja. Nyumba ndani zinaweza kuwa 40, lakini hati kuu ni moja na iko kwa aliyejenga. Tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, kwa hiyo jengo linapimwa, linagawanywa, kila nyumba inapata hati yake ya sehemu ya jengo pamoja na fungu lake kwenye vile vya wote, yaani ngazi, lifti, parking, na wenye nyumba mnaunda chama chenu cha kuendesha jengo. Mpaka hapo ifanyike, wewe una mkataba wa mauziano tu. Karatasi nzuri, ina mhuri wa mwanasheria, ila ukiipeleka benki ukope hela ya biashara wanakurudishia kwa tabasamu. Ukitaka kuuza, mnunuzi mwenye akili anakukata bei. Na kama aliyejenga aliweka hati kuu rehani na hajalipa, benki inakidai kiwanja kizima, na wewe na tailizi zako mmo humo humo.

Kuna kitu nimekuja kukigundua baadaye. Anayenunua kwa mkopo wa nyumba, hati ikiwa mbovu benki yenyewe ndiyo inamkwamisha, analia siku hiyo lakini kaokoka. Sisi tunaolipa keshi kidogo kidogo, hela za kikoba, hela za kiinua mgongo cha baba, ndio tunapita hatuna wa kutukagulia. Tunaona tumekwepa riba kumbe tumekwepa na mkaguzi.

Haya, sasa tuwapange wauzaji kwa namba, naanza na ninayemwamini zaidi.

Namba moja kwangu ni NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, na sifichi, mimi ni mtu wa NHC. Bibi yangu alikaa nyumba ya Msajili Upanga, na mpaka leo nyumbani tunaita "nyumba ya Msajili" ingawa Msajili wa Majumba aliunganishwa na NHC mwaka 1990. Shirika lenyewe lipo tangu 1962, haliwezi kuhama ofisi usiku likazima simu. Hiyo peke yake ukishapigwa kama mimi ina thamani. Ule mradi wao wa nyumba 5,000 wa Samia Housing Scheme ulianzia Kawe na nyumba 560, kama uko mjini na una kazi ya kueleweka anzia kuulizia hapo. Tatizo lao ni bei. Neno nafuu pale usilisikie kama unavyosikia nafuu ya Kariakoo. Barabara za ndani, maji, umeme, mara nyingi shirika ndilo linagharamia na gharama inarudi kwa mnunuzi, halafu inakuja VAT, ambayo NHC wenyewe wameshaililia sana kwa serikali. Na hata wao waulize hati, usione aibu, waambie nataka kujua hati yangu ya sehemu inatoka lini na iandikwe.

Namba mbili Watumishi Housing, siku hizi wanaitwa WHI. Hawa walianzishwa kwa ajili ya watumishi wa umma, kwa hiyo mwalimu, nesi, karani wa halmashauri, wewe anza huku kabla hujaenda NHC hata kama nimesema NHC ni namba moja. Wana nyumba Gezaulole Kigamboni, Bunju, na Dodoma kule Njedengwa. Nyumba nyingine ni za chini, zinazojitegemea kwenye kiwanja chake, na hapo lile balaa langu la hati ya ghorofa halipo maana kiwanja chako hati yako. Kigamboni lakini piga hesabu ya daraja au pantoni kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, mwaka mzima. Watu wanasahau.

Namba tatu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao wameuza nyumba Mtoni Kijichi, Tuangoma na Dungu. Nunua iliyosimama, unayoweza kuingia na kugonga ukuta. Ya kwenye mchoro achana nayo, mradi wao wa Dege kule Kigamboni ulivyosimama miaka wote tumeuona tukipita. Na wale mnaoniuliza Magomeni Kota, jamani, zile ni za kaya 644 zilizokuwa zinaishi pale zamani, sio za kwenda kupanga foleni.

Kampuni binafsi nimeziweka namba nne. Sisemi zote ni wezi, nina shoga yangu kanunua Mbezi Beach na hati yake kapewa mkononi. Ila ukienda huko, kabla hujalipa hata ya kushikilia nyumba, chukua namba ya hati kuu, nenda kafanye search mwenyewe, usitumiwe picha WhatsApp. Search inakuonyesha nani mwenye kiwanja na kama kuna rehani. Wakikataa kukupa hiyo namba, ushapata jibu, ondoka na pochi yako.

Pagala na viwanja vya kulipia kwa awamu ni rahisi, ni kweli. Karatasi ya serikali ya mtaa sio hati. Basi.

Sasa mkopo. Riba ya mikopo ya nyumba hapa kwetu inacheza asilimia 13 mpaka 19. Chukua milioni 60 kwa asilimia 15, miaka 15, unalipa kama laki nane na arobaini kila mwezi, ukimaliza umelipa zaidi ya milioni 151. Hapo ndipo nawaelewa wanaojenga tofali moja moja miaka kumi, tunawacheka bure.

Na bei ya tangazo muulizeni muuzaji, hii ina VAT ndani au nje? Nyumba mpya ya milioni 90 ikiwa VAT ya asilimia 18 iko nje, ni milioni 16 na laki mbili zinakuja juu yake. Mimi niliambiwa wiki ya kusaini, nikiwa nimeshakopa kwa dada yangu, eti "bei ile ilikuwa ya awali". Ya awali ya nini? Halafu dalali naye, hela ya kuonyeshwa nyumba elfu ishirini, nyumba ya pili elfu ishirini, ya tatu kumbe ni ile ile ya kwanza tumeingilia geti la nyuma, na siku ya mwisho anataka asilimia yake kwangu na kwa muuzaji pia. Kazi aliyofanya ni kunyoosha kidole.

Kwenye mkataba weka tarehe ya kukabidhiwa hati, sio "ndani ya muda muafaka", tarehe. Weka na kipengele kwamba asilimia 10 ya mwisho inabaki kwako mpaka hati yenye jina lako itoke. Watanuna, watakwambia wapo wengine wanaitaka nyumba hiyo hiyo, waache wanune. Mimi nilimaliza kulipa miezi miwili kabla ya muda, nikapewa keki na kalenda ya kampuni.