Mwaka mmoja wa Kirusi kabla ya udaktari: uuchukue au uuruke?

Wakala aliyenishughulikia karatasi Dar es Salaam alikuwa na jibu moja kwa kila swali langu: "Dada, utasoma kwa Kiingereza, Kirusi cha nini?" Njia za kusomea udaktari Urusi zilikuwa mbili. Ya kwanza, udaktari miaka sita kwa Kiingereza, unaanza Septemba hiyohiyo. Ya pili, mwaka mzima wa maandalizi, Kirusi asubuhi hadi usiku, halafu miaka sita ileile darasa moja na Warusi wenyewe. Baba aliuona ule mwaka wa saba kuwa hasara. Mimi niliuchukua. Sasa niko mwaka wa nne, na naandika kwa ajili ya waliomaliza Kidato cha Sita ambao barua zao ziko mezani hivi sasa.

Chuo sitakitaja. Kiko mkoani, usiku mmoja kwa treni kutoka Moscow.

Kitivo cha maandalizi kila mtu anakiita podfak. Tulikuwa kumi kwenye kundi: Wamisri, Wavietnam, Wakongo wawili, Mchina mmoja na mimi. Siku sita kwa wiki, para tatu au nne kwa siku, na para moja, yaani kipindi, ni dakika 90. Mwalimu wetu, mama wa makamo, hakutamka Kiingereza darasani hata mara moja. Tulimwita kwa jina lake na la baba yake, kama adabu ya kule inavyotaka, na mimi nililipenda hilo tangu siku ya kwanza kwa sababu hata kwetu mtu hujulikana kwa baba yake.

Wiki mbili za mwanzo ni sauti tu. Herufi 33, kila mmoja na kioo kidogo mkononi aone midomo yake. Mswahili amezoea silabi iishie na irabu, na salamu ya kwanza anayofundishwa ni "zdravstvuyte". Nilikuwa nachomeka "i" kila penye mwanya, na mwalimu alinirudisha mwanzo bila kuchoka mpaka nikaacha. Kisha mkazo. Kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, umemaliza. Kule unahama: "zamok" ukikaza mwanzo ni ngome, ukikaza mwisho ni kufuli. Na "o" isiyo na mkazo hutamkwa karibu na "a".

Lakini kuna mahali tuliwapita wenzetu. Aliyekua akisema "kiti changu kizuri kimevunjika" hashangai akiambiwa kivumishi kibadilike kufuata jina lake. Vitenzi pia: Warusi hutenganisha kusoma kwa kuendelea na kusoma ukamaliza, na mimi nilijisemea tu "alikuwa akisoma" na "ameshasoma", nikaelewa. Kilichonitesa ni jina lenyewe kubadilika mwisho kufuatana na kazi yake kwenye sentensi, kuna hali sita, na hata kuhesabu kuna sheria: vitabu viwili mpaka vinne vina umbo lao, vitano vina jingine. Na kitenzi "kwenda" ni kingine ukiwa kwa miguu, kingine ukiwa ndani ya chombo. Haya yalinichukua mpaka Desemba.

Kwa muhula ule wa kwanza ningewapa alama zote. Muhula wa pili nawapunguzia, na kwa uchungu. Februari wakatuingizia biolojia na kemia kwa Kirusi. Juzi ulikuwa unajifunza kununua mkate, leo unaandika imla kuhusu utando wa seli, na mwalimu wa kemia anaongea kasi kana kwamba mbele yake wamekaa watoto wa mji ule. Waliochelewa viza wakafika Novemba waliwekwa kundi moja na sisi, wakafanya mtihani uleule wa Juni. Wawili walifeli. Sikuona haki hapo, na sijabadili mawazo.

Kasoro nyingine ni hosteli. Walitupanga kwa nchi, Watanzania na Wakenya kwenye korido moja, ugali na Kiswahili mpaka saa sita usiku. Raha, lakini Kirusi hakikui. Mwezi wa tatu nikamwomba msimamizi anihamishe, akaniweka na Mvietnam na Mmisri ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza. Kuanzia hapo hata kuulizana nani amemaliza chumvi ilikuwa lazima tuulizane kwa Kirusi. Ukienda, omba hivyo tangu siku ya kufika.

Kiwango cha Kirusi kinachotakiwa kuingia mwaka wa kwanza ni B1, yaani cha kati. Nilikipata, na bado mihadhara ya anatomia ilinipita; nilirekodi kila kitu nikasikiliza usiku. Usitegemee podfak ikufikishe juu ya mlima.

Sasa, kwa nini bado nasema uchukue? Mwaka wa tatu tunaanza kukaa na wagonjwa. Wenzetu wa kundi la Kiingereza nao husoma Kirusi, saa chache kwa wiki, lakini mgonjwa wa wodini hana kundi la Kiingereza. Rafiki yangu mmoja, ambaye kwa anatomia ananishinda mbali, alisimama kando ya kitanda cha bibi mmoja akauliza swali alilolikariri, bibi akajibu, na yeye hakushika kitu. Warusi husema maumivu kwa vitenzi, kama sisi tunavyosema tumbo linakata, kichwa kinagonga. "Davit" ni kugandamiza. "Kolet" ni kuchoma kama sindano. "Zhzhot" ni kuunguza. "Noet" ni yale maumivu ya chini chini yasiyokwisha. Yule bibi alisema "davit" na kwamba inakwenda mkononi. Ukikosa hayo maneno mawili hujui kama uko mbele ya moyo au mbele ya misuli. Halafu kuna faili, limeandikwa kwa mkono, ambamo "t" inafanana na "m". Podfak ilitufundisha mwandiko huo kwa madaftari ya mistari kama darasa la kwanza. Rafiki yangu alijua herufi za kitabuni tu.

Kama hela ya nyumbani imehesabiwa miaka sita kamili, usiende kwa miaka saba ukakwama njiani. Hilo nimeliona likitokea. Uliza pia ada za kila njia kwa maandishi: chuoni kwetu kundi la Kiingereza hulipa zaidi kila mwaka, na wakala wangu hakunionyesha hesabu hiyo.

Mdogo wangu wa kike amepewa uchaguzi uleule mwaka huu. Nimemwambia achukue podfak, na kabla ya Septemba ajaze daftari mbili za mwandiko wa mkono.