Dawa ya kuogea ya klorheksidini na marhamu ya mupirosini: tathmini baada ya mwaka wa majipu

Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu aliyetokwa na jipu kwapani, likaiva, likapasuka, likapona, kisha baada ya wiki tatu akatokwa na jingine pajani, na ambaye kila akirudi duka la dawa huuziwa vidonge vilevile. Mimi nilikuwa mtu huyo kwa mwaka mzima na ushei. Bidhaa ninazozitathmini ni mbili, na sioni namna ya kuzitenganisha: dawa ya maji ya klorheksidini ya asilimia 4, ambayo mtu huogea badala ya sabuni, na marhamu ya mupirosini ya asilimia 2, ambayo hupakwa ndani ya pua.

Kabla ya kuzisifu, ni lazima niseme kwamba nisingezifikia bila kipimo. Nilikuwa nimemaliza dozi nne, mbili za ampiklox na mbili za amoksilini yenye klavulaneti, na hakuna hata mara moja ambapo muuzaji aliomba kulitazama jipu lenyewe. Daktari wa ngozi niliyemwona hatimaye hapa Tanga alilipasua jipu lililokuwa karibu na goti, akachukua usaha kwa kijiti chenye pamba na kuupeleka maabara uoteshwe. Baada ya siku tatu nilipewa karatasi yenye orodha ya dawa. Mbele ya penisilini na sefoksitini palikuwa na herufi R, yaani kimelea ni sugu. Mbele ya kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita septrini, na doksisaiklini palikuwa na herufi S, yaani dawa inakiweza. Kimelea chenyewe kilikuwa bakteria aitwaye stafilokokasi, aliye sugu kwa methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini; madaktari humwita MRSA.

Nilimwomba daktari anieleze kwa nini dawa ghali ya klavulaneti ilishindwa, ilhali septrini ya bei ya chini ilikuwa na herufi S. Alinieleza kwamba klavulaneti hukizuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kuvunja penisilini, lakini MRSA haitegemei kimeng'enya hicho peke yake: imeibadili protini ambayo penisilini hushikamana nayo, kwa hiyo karibu ukoo mzima wa penisilini, sefaleksini ikiwemo, hukosa pa kushika. Wala jambo hili si geni. Methisilini ilianza kutumika mwaka 1959, na bakteria sugu kwake waliripotiwa Uingereza mwaka 1961.

Septrini ilikausha jipu la goti. Hata hivyo, kuponya jipu ni jambo moja, na kumwondoa mdudu anayeishi juu ya ngozi bila kuumiza ni jambo jingine. Makao yake makuu ni tundu za pua, na hupenda pia makwapa na kinena. Karibu watu watatu kati ya kumi hubeba stafilokokasi puani, ingawa kwa wengi wao si ile sugu. Hapo ndipo bidhaa hizi mbili zinapoingia.

Matumizi yake huchukua siku tano. Asubuhi na jioni nilipaka marhamu kidogo, kiasi cha punje ya mchele, katika kila tundu la pua kwa kijiti cha pamba, kisha nikaibana pua na kuisugua taratibu kwa dakika moja ili ienee. Mara moja kwa siku nilioga kwa klorheksidini. Sisi huoga kwa ndoo na kata, na maelezo ya chupa yanamfikiria mtu mwenye bomba la mvua, kwa hiyo ilinibidi nitafute utaratibu wangu: najimwagia maji, naweka kata chini, najipaka dawa kwa kiganja kuanzia shingoni, nasimama dakika mbili nikitazama saa ya simu, ndipo najisuuza. Dawa yenyewe ni ya rangi ya waridi na hutoa povu dogo sana, jambo linalomshawishi mtu aongeze sabuni yake ya kawaida. Asifanye hivyo. Sabuni nyingi huiharibu klorheksidini, na mtu atakuwa amemwaga fedha yake bafuni.

Isiingie machoni wala masikioni. Mwanangu mdogo ana sikio linalotoa usaha, na daktari alikataa kabisa aoshwe kichwa kwa dawa hii, kwa kuwa inaweza kudhuru usikivu ikipita kwenye ngoma iliyotoboka.

Kosa langu kubwa ni kwamba mara ya kwanza nilioga peke yangu. Wiki ya sita jipu likamtoka kijana wangu mkubwa shavuni. Mama mkwe wangu alisema, "Mwanangu, hizo ni embe tu, damu imechafuka," na sikumlaumu, kwani hivyo ndivyo tulivyolelewa sote. Hata hivyo nilimwomba ashiriki, akakubali. Awamu ya pili tulianza watu watano siku moja. Kila mmoja alipewa taulo lake, dodoki la pamoja likatupwa, kucha zikakatwa, na mashuka yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kweli: katika miezi kumi na moja iliyofuata tumepata kijipu kimoja tu, kikakauka chenyewe.

Sitaki msomaji adhani kwamba haya ni maajabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa California kwa watu 2,121 waliotoka hospitali wakiwa na MRSA, waliopewa elimu ya usafi pekee walipata maambukizi yake kwa asilimia 9.2 ndani ya mwaka, na walioongezewa klorheksidini na mupirosini kwa siku tano, mara mbili kila mwezi kwa miezi sita, walipata kwa asilimia 6.3. Ni nafuu kubwa, lakini si kinga kamili.

Kasoro ninazo. Ngozi ya mikono ilikauka na kupasuka kufikia siku ya nne. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo zilizonilazimu kuvaa miwani, na haikutaja jiki hata kidogo. Mama mkwe aliloweka taulo zetu nyeupe kwenye maji ya jiki kama kawaida yake, na zikatoka na madoa ya kahawia ambayo hayajatoka mpaka leo, kwa kuwa klorini ikikutana na mabaki ya klorheksidini huacha rangi hiyo. Mtengenezaji anayeuza bidhaa yake Afrika Mashariki alipaswa kuliandika hilo kwa Kiswahili.

Naipa klorheksidini alama nne kati ya tano, na mupirosini tano, kwa sharti kwamba isigeuzwe marhamu ya kila kidonda, maana nayo huzoeleka na bakteria wakawa sugu kwake. Anayekwenda dukani ataje asilimia 4 ya kuogea, kwani ile jeli ya asilimia 7.1 inayopatikana pia ni ya kitovu cha mtoto mchanga.