Kliniki ya sukari pale kituoni, safari hii bibi kanywa chai mapema

Nawapa nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya yule nesi wa asubuhi. Jina la kituo silitaji mana bibi bado anatibiwa pale na mwezi ujao tunarudi, ila ni cha serikali, hapa hapa Mtwara mjini, wenye wagonjwa wa sukari na presha mtajua tu.

Mwaka jana ilikuwa balaa. Bibi yangu ana miaka 70 na kitu, tunatoka Mikindani alfajiri na bajaji hajala kitu toka usiku, mana ile sukari ya asubuhi inapimwa mtu akiwa na njaa ya masaa nane hivi. Tunafika tunapanga foleni ya kadi, kadi ikitoka tunapanga ya dokta, dokta anaandika kipimo ambacho benchi zima linajua atakiandika, haya ustawi wa jamii kugongewa muhuri wa msamaha wa malipo ya wazee, ndo maabara, halafu majibu tunayarudisha kwa dokta yule yule tunasukumana mlangoni na wanaoingia mara ya kwanza. Siku moja katolewa damu saa tano na nusu, mikono inamtetemeka, mi nina andazi kwenye mfuko na siruhusiwi kumpa. Na kwa dokta ukijumlisha kuingia kote kuwili dakika kumi hazifiki! Siku nzima tulikuwa tunasubiri ili tuambiwe tukasubiri kwingine.

Safari hii nimekuta wamegeuza. Siku ya kliniki maabara wanaanza saa moja na nusu, nesi anapita kwenye mabenchi na mashine ya presha anauliza nani hajala, hao ndo wanaopimwa sukari kwanza kabla hata ya dokta, majibu yanaandikwa kwenye daftari la mgonjwa, unaruhusiwa ukale. Bibi hakuamini, akamuuliza nesi.

"Mwanangu, nikitoka si namba yangu itapita?"

"Haipiti bibi, nenda kanywe chai, naishika mimi."

Tukaenda kwa mama wa nje ya geti, mihogo ya kuchemsha na chai kavu isiyo na sukari (hiyo chai kainunia mpaka ikapoa). Tukarudi, dokta anafungua daftari majibu yote anayo, kabadilisha dozi, kamkagua miguu, kitu ambacho zamani hakuwa na muda nacho. Saa nne na robo tushatoka kwa dokta. Foleni moja nzima imekufa na wala hawajaongeza dokta wala kujenga jengo, wamehamisha kipimo tu kimeanza mbele. Sasa miaka yote walikuwa wanasubiri nini sijui.

Ila dawa jamani. Dirisha ni moja, wa kliniki, wa malaria, wenye watoto, wote tunamwagika pale pale. Ukutani kuna kibao cha mpishe mzee apate huduma kwanza na wazee wenyewe wamejaa chini yake, siku ya kliniki ya sukari mzee ampishe nani? Tumekaa saa nzima na ushee, tunafika dirishani tunaambiwa ya presha imeisha, kanunueni nje. Sikatai dawa kuisha, inatokea, ila si waandike ubaoni toka asubuhi? Ningepitia famasi wakati bibi yuko kwenye mihogo. Kwa hilo tu mtu kalipishwa saa nzima.

Mnaoenda, msitoke kwenu usiku usiku kama tulivyozoea, hata ukiwa wa kwanza maabara haifunguliwi kabla ya hiyo saa moja na nusu, sisi tulifika saa moja tukawa wa sita. Na daftari la zamani mbebe, bila hilo unaanza upya foleni ya kadi. Mi nililisahau nikarudi Mikindani kulifuata, bajaji nimelipa mara mbili.